Tunachimba Visima, Nani Anapima Chumvi?

Kila ukame unapobisha hodi nchini, kuna picha moja isiyokosekana magazetini. Mheshimiwa fulani ameinama mbele ya bomba jipya, maji yanaruka, akina mama wanapiga vigelegele, na nyuma yao yamesimama matangi meusi yaliyotoka dukani jana. Chini ya picha hiyo twaambiwa kisima kimefika mita kadha wa kadha ardhini, chatoa lita kadha wa kadha kwa saa, na kitanyunyizia ekari kadha wa kadha. Sikumbuki hata mara moja kusoma, chini ya picha kama hiyo, kwamba maji yale yana chumvi kiasi gani.

Nakiri kwamba mimi nami nimewahi kuwa miongoni mwa wapiga makofi. Mwanzoni mwa mwaka 2023, mvua ikiwa imetukwepa misimu mitano mfululizo, nilialikwa katika shule moja ya upili kaunti ya Makueni, shule ambayo niliwahi kufundisha zamani. Mfadhili alikuwa amewachimbia kisima. Palikuwa na robo ekari ya sukuma wiki, spinachi na maharagwe, kijani kibichi katikati ya vumbi jekundu, na mwalimu mkuu hakuweza kuficha furaha yake. Wanafunzi waliokuwa wakila githeri kavu sasa wangepata mboga. Nani asingepiga makofi?

Nilirudi huko miezi minane baadaye. Maharagwe yalikuwa yamedumaa na majani yake yameungua kingoni, kana kwamba mtu ameyapitisha karibu na moto. Sukuma wiki ilikuwa ngumu na ndogo. Baina ya matuta ardhi ilikuwa na utando mweupe, mfano wa unga uliomwagika. Wanafunzi walidhani ni mbolea iliyobaki. Mwalimu wa Kilimo, kwa nia njema kabisa, alikuwa ameona mimea inanyauka akaongeza maji. Ilipozidi kunyauka akaongeza mbolea. Hakujua, wala mimi sikujua wakati huo, kwamba mbolea ya dukani nayo ni chumvi, na kwamba alikuwa akimwongezea mgonjwa kile kile kinachomuua.

Mwalimu wa Kemia ndiye aliyetegua kitendawili. Aliazima kipimo kidogo, ukubwa wake kama kalamu nene, ambacho hupima jinsi maji yanavyopitisha umeme. Maji matupu hupitisha umeme kwa shida sana. Kadiri chumvi inavyozidi kuyeyuka ndani yake, ndivyo umeme unavyopita kwa urahisi. Kipimo kilionyesha desisimensi 2.6 kwa mita. Kwa msomaji ambaye namba hiyo haimwambii lolote, Shirika la Chakula na Kilimo la Umoja wa Mataifa, FAO, lilitoa mwaka 1985 mwongozo wa Ayers na Westcot ambao hadi leo wataalamu wa unyunyizaji huutegemea. Maji yaliyo chini ya 0.7 hayana neno. Baina ya 0.7 na 3.0 yahitaji uangalifu, na uangalifu huo wazidi kadiri namba inavyopanda. Yakivuka 3.0, mkulima yumo hatarini. Shule ile ilikuwa imekaribia ukingo.

Hebu sasa tufanye hesabu ambayo mwanafunzi yeyote aweza kuifanya. Maji ya kiwango cha 2.6 hubeba takriban gramu 1.7 za chumvi katika kila lita. Mtungi wa lita 20, basi, una gramu 33 hivi, sawa na vijiko vitano vya chai au zaidi kidogo. Si nyingi, utasema. Lakini zao la miezi mitatu au minne katika nchi yenye joto huhitaji maji yapatayo milimita 600, na kwa robo ekari hayo ni lita zaidi ya laki sita. Zidisha. Utapata kilo 1,000 na ushei za chumvi, yaani magunia kumi na moja ya kilo 90, yaliyomwagwa katika shamba la robo ekari kwa msimu mmoja. Kama mfadhili yule angalikuja na lori akayashusha magunia hayo getini na kuwaamuru watoto wayatawanye shambani, wazazi wangemfukuza kwa mawe. Yalipopita bombani, tulipiga makofi.

Maji yenyewe huondoka. Mmea huyanywa na kuyatoa hewani kupitia majani, na jua hunyonya yaliyobaki kwenye udongo. Chumvi haina pa kwenda. Haigeuki mvuke, na mmea huichukua kwa kiasi kidogo tu. Hubaki palepale penye mizizi, na mwagilio unaofuata huongeza juu ya ule uliotangulia. Mvua nzuri ikija huisukuma chini na kumpa mkulima nafuu; lakini ni wapi tunakochimba visima vya kunyunyizia mimea kama si kule kusikopata mvua nzuri?

Chumvi hiyo inauaje? Wanafunzi wamesoma somo la osmosisi kwa kutumia kipande cha kiazi na maji ya chumvi, na wameona kiazi kikilegea. Kinachotokea shambani ni hicho hicho. Mzizi huvuta maji kwa sababu ndani yake mna utomvu mzito kuliko maji ya udongoni. Maji ya udongoni nayo yakiwa mazito, mzizi hulazimika kutumia nguvu ambazo ungezitumia kukua. Ndiyo maana mmea huweza kunyauka hali udongo umelowa, na mkulima asiyejua huongeza maji. Baadhi ya chumvi, hasa sodiamu na kloridi, hupenya hadi majani na kuyachoma. Tena sodiamu ina ubaya wake mwingine: ikizidi katika udongo wa mfinyanzi hutawanya chembechembe zake, udongo ukafunga kama sakafu, maji yakasimama juu na mizizi ikakosa hewa.

Mimea haifanani katika kuvumilia, na hapa mwongozo wa FAO unatoa namba ambazo zastahili kubandikwa katika kila chumba cha somo la Kilimo. Maharagwe huanza kupunguza mazao pindi chumvi ya udongoni inapovuka 1.0, vitunguu 1.2, mahindi 1.7; nyanya 2.5, mpunga 3.0. Kunde hustahimili hadi 4.9, mtama 6.8, pamba 7.7, na shayiri 8.0. Kwa kawaida udongo unaomwagiliwa huwa na chumvi mara moja na nusu ya ile ya maji yake, iwapo sehemu ya maji hupita chini ya mizizi. Shule ile, basi, ilikuwa ikilima katika udongo wa karibu 3.9. Kwa kiwango hicho mahindi hupoteza kama robo ya mavuno yake, na maharagwe zaidi ya nusu. Kunde na mtama wasingehisi lolote. Naona kejeli fulani katika orodha hiyo: mimea ambayo bibi zetu waliipanda katika nchi kavu, na ambayo sisi wasomi tuliiita chakula cha maskini, ndiyo inayoweza kuishi na maji ya visima vyetu.

Asidhani mtu kwamba jambo hili ni geni duniani. Mwaka 1958 wataalamu wawili, Thorkild Jacobsen na Robert Adams, waliandika katika jarida la Science juu ya nchi iliyo baina ya mito Tigris na Euphrates, kusini mwa Iraki ya leo, ambako kilimo cha mifereji kilistawi kabla ya kwingi duniani. Kutokana na ushahidi wa kale, yakiwemo maandishi ya hesabu za mavuno, walionyesha kwamba yapata mwaka 3500 kabla ya Kristo ngano na shayiri zilipandwa kwa viwango vilivyokaribiana; miaka elfu moja baadaye ngano ilikuwa sehemu moja kati ya sita; na kufikia mwaka 1700 kabla ya Kristo ilikuwa imeachwa kabisa kusini humo. Hata shayiri, pamoja na uvumilivu wake wote, ilipungua kutoka lita 2,537 kwa hekta hadi 897. Wapo wanahistoria waliowapinga kuhusu uzito wa chumvi katika kuanguka kwa miji ile. Lakini kwamba ardhi ile ilijaa chumvi, hakuna anayebisha.

Ardhi hiyo ina uhusiano nasi ambao vitabu vyetu vya shule huupitia kwa haraka. Katika karne ya tisa, matajiri wa Basra walimiliki maelfu ya watumwa Waafrika walioitwa Zanj, jina ambalo Waarabu waliliita eneo la pwani yetu. Ni wangapi hasa waliotoka pwani hii, wanahistoria hawajapatana. Kazi yao yajulikana: kubandua kwa mikono tabaka la juu la udongo wenye chumvi na kulirundika mbali, ili udongo ulio chini ulimike tena. Kazi hiyo na mateso yake ndiyo yaliyozaa maasi ya mwaka 869, maasi yaliyodumu hadi 883 na kuutikisa utawala wa Baghdad. Mwalimu wa Historia akitaka kuwaeleza wanafunzi gharama ya kuiacha chumvi ijikusanye, hahitaji kutafuta mfano mwingine.

Kilichowapata watu wa Iraki chatufundisha njia ya pili ambayo chumvi huitumia, nayo ni ya hatari kuliko ile ya kisima cha shule. Mto waweza kuwa na maji matamu kabisa na bado shamba likaharibika. Mifereji hupeleka maji mengi kuliko yanayohitajika. Ziada huzama chini na kuinua maji yaliyo ardhini mwaka hadi mwaka, yakiwa yamezoa chumvi yote iliyolala huko tangu zamani. Yakifika mita moja au mbili kutoka juu, udongo huyavuta kama utambi uvutavyo mafuta ya taa. Jua humalizia kazi. Dawa yake yajulikana: mitaro ya kutolea maji, iliyochimbwa chini zaidi ya mizizi, ili ziada ipate njia ya kutoka na chumvi yake.

Na mitaro hiyo ndiyo ya kwanza kufutwa katika bajeti. Mfereji wa kuingiza maji huonekana. Kiongozi huja kuufungua. Hakuna aliyewahi kukata utepe mbele ya mtaro wa kutolea maji machafu. Madhara ya kuukosa huonekana baada ya miaka kumi au ishirini, wakati ambapo mhandisi amestaafu, waziri amebadilika, na aliyebaki ni mkulima peke yake.

Tutazame mradi wa Bura, katika Tana River. Benki ya Dunia iliidhinisha mkopo wake mwaka 1977, na lengo lilikuwa kunyunyizia hekta 6,700. Zilizopatikana ni kama 2,500. Tumesimuliwa mengi kuhusu Bura: gharama zilizopanda, pampu za dizeli zilizokatika mara kwa mara, malaria, familia zilizohamishwa kutoka mbali na kuachwa bila maji mashambani. Yote hayo ni kweli. Lakini chini ya yote palikuwa na udongo wenyewe, wenye tabaka la juu lisilo na kina, na chini yake tabaka lenye chumvi na sodiamu. Udongo wa namna hiyo hulimika, ila hausamehe uzembe.

Au tukumbuke Septemba 2013, serikali pamoja na UNESCO walipotangaza kugunduliwa kwa maji mengi mno chini ya ardhi ya Turkana, katika mabonde ya Lotikipi na Lodwar. Magazeti ya ng'ambo yaliandika kwamba yangeitosha Kenya kwa miaka 70. Taifa lilishangilia. Visima vya majaribio vilivyofuata vilionyesha kuwa maji ya Lotikipi yana chumvi kiasi cha kutofaa kunywewa bila kusafishwa. Siwalaumu waliotafuta maji. Walifanya kazi yao. Nalaumu mazoea yetu ya kutangaza wingi kabla ya kupima ubora.

Kule kwenye delta ya Tana mambo yamegeuka kwa namna nyingine tena. Wakulima wa Kipokomo wa Ozi na vijiji vya jirani wana elimu ya kale ambayo ningependa kila mwanafunzi wa Jiografia aione kwa macho. Hawana pampu. Bahari ikijaa huyasukuma nyuma maji ya mto, na kwa kuwa maji matamu ni mepesi kuliko ya chumvi, huja juu na kumwagika katika mashamba ya mpunga. Bahari huwafanyia kazi ya pampu, bure. Lakini ujanja huo hutegemea mto wenye nguvu. Tangu Kindaruma ya mwaka 1968 hadi Kiambere ya mwaka 1988, mabwawa matano ya umeme yalijengwa juu ya mto huo. Nairobi nayo huteka maji katika vijito vyake. Mto wenyewe umehamahama. Na ukame umezidi. Mto ukidhoofika, kinachopanda si maji matamu tena. Ni bahari yenyewe, na lita moja ya maji ya bahari ina gramu 35 za chumvi. Mpunga na miembe ya watu imekauka kwa sababu hiyo. Sisi tunaowasha taa Nairobi hatujawahi kuulizwa maoni yetu kuhusu mpunga wa Ozi, na nahofu kwamba tungeulizwa tusingejua swali linahusu nini.

Nimewahi kuambiwa, na mtu ninayemheshimu, kwamba mwenye kiu hachagui maji. Watu wa nchi kavu wapewe kwanza, mambo ya chumvi yaje baadaye. Hoja hiyo ina uzito kwa maji ya kunywa. Kwa maji ya shamba haina, kwa kuwa mkulima huyo hakupewa maji tu; aliombwa atoe ardhi yake, jasho lake, na pengine mkopo wa mbegu. Ikiwa baada ya miaka mitano ardhi hiyo haioti hata nyasi, atakuwa maskini kuliko alivyokuwa kabla hatujaja kumsaidia. FAO ilitangaza Desemba 2024 kwamba ardhi yapata hekta bilioni 1.4 duniani, zaidi kidogo ya asilimia 10 ya nchi kavu yote, imeathiriwa na chumvi. Kuirudisha ni ghali mno. Kuikinga si ghali.

Kipimo kile cha Kemia hakizidi bei ya magunia machache ya mbolea. Tatizo si fedha. Mchimbaji wa kisima huchukua chupa ya maji na kuipeleka maabarani, lakini swali linaloulizwa huko huwa ni moja: je, yanyweka? Mtu aweza kunywa maji bila hata kuonja chumvi yake, na maji hayo hayo yakapunguza mavuno ya maharagwe. Swali la pili, yaani yatamwagiliwa zao gani, katika udongo gani, na ziada itatokea wapi, halina mwenyewe. Wizara ya Maji hudhani ni la Kilimo, na Kilimo hudhani ni la Maji. Sheria ya Unyunyizaji ya mwaka 2019 ilibadilisha ile ya 1966 na kuunda Mamlaka ya Kitaifa ya Unyunyizaji. Maadamu mamlaka ipo, naomba swali hilo liwe na mwenyewe, na kwamba mradi wowote usiokuwa na mchoro wa mitaro ya kutolea maji usipitishwe.

Kwa mkulima na kwa shule, yapo yanayowezekana bila kungoja Nairobi. La kwanza lashangaza kidogo: maji yenye chumvi humwagiliwa kwa wingi kuliko yanayohitajiwa na mmea, kwa makusudi, ili ile ziada isukume chumvi chini ya mizizi. Kwa maji ya 2.6 na zao linalovumilia hadi 4.0, hesabu yatoa karibu asilimia 15, yaani kila ndoo sita ziongezwe moja. Hilo lafaa tu pale ambapo udongo unapitisha maji na maji ya ardhini yako mbali. Pasipo hivyo, utakuwa unayainua. Udongo uliofungwa na sodiamu hauoshwi kwa maji peke yake. Huhitaji jasi kwanza, ambayo kalisi yake huiondoa sodiamu mahali pake. Na jasi huchimbwa humu humu nchini, ijapokuwa twaifikiria kwa ajili ya saruji tu.

Na mipira ya matone, ambayo siku hizi husifiwa kila mahali? Ni mizuri, lakini si hirizi. Chumvi hukusanyika katika duara pale unyevu unapokomea. Mvua ndogo ya kwanza ikinyesha huirudisha yote mizizini kwa mpigo mmoja, na mkulima huamka asubuhi akaona mimea imekufa kwa mvua. Ndiyo maana wenye ujuzi hufungua matone yao hata mvua inaponyesha. Jirani atakayekuona ukifanya hivyo atadhani umerukwa na akili.

Shule ile niliipitia tena hivi karibuni. Wamefunga mifereji ya bati pembeni mwa paa la bweni na tangi la kukingia mvua, na huchanganya maji hayo nusu kwa nusu na ya kisima mvua inapokuwapo. Wanafunzi hupima kila Ijumaa na kuandika namba katika daftari lililofungwa kwa kamba ukutani mwa stoo. Spinachi imebaki, kwa kuwa hii tunayoiita spinachi sokoni ni jamii ya biti, na biti huvumilia hadi 4.0. Kunde imeongezwa, na kando yake mtama. Ule utando mweupe haujaisha. Umerudi nyuma hadi pembe moja ya shamba, upande wa chini, ambako mtaro wa kutolea maji haujafika kwa sababu kuna mwamba. Maharagwe ya githeri bado wanayanunua sokoni.